Kupika Programu kwa Mashine Baridi

Ofisi ilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, na nilipofika kilikuwa tayari na mwenyewe. Hilo ndilo neno la kwanza nililoambiwa pale Nyeri, kabla ya karibu na kabla ya chai.

"Hiyo usikalie," mama mmoja alisema bila kugeuka. "Iko na mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa yeye. Mimi nilipewa stuli.

Nilikuwa nimetoka Kutus na begi la nguo na furushi la disketi zilizofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kidato cha nne nilikimaliza na alama ambazo nyumbani hatuzitaji wageni wakiwepo. Baadaye nikafanya kozi fupi ya kompyuta Karatina, chumba cha juu ya duka la viatu. Wenzangu walijifunza kupiga chapa ili wapate kazi. Mimi niling'ang'ana na kuandika programu, kwa sababu siku ya kwanza nilipoona mashine ikitii neno nililoandika kwa mkono wangu nilicheka peke yangu hadi mwalimu akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Tangu hapo nikipita mashamba ya mpunga ya Mwea sikuona tena mpunga. Niliona skrini kubwa iliyogawanywa vidirisha, kila kimoja na maji ya rangi yake, na mimi nikiwa mahali fulani juu nikivifungua na kuvifunga.

Kwa hivyo ofisi ile ya Nyeri niliipanda ngazi nikiwa na furaha ya kijinga. Ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye karatasi, hata kwenye sukari. Mwenye ofisi alikuwa mzee aliyekuwa na malori zamani, ya kubeba mchele kutoka Mwea kwenda Nairobi. Mgongo ulipomkataza kazi hiyo aliyauza, akanunua kompyuta iliyokuwa imechokewa na ofisi fulani huko Nairobi. Aliambiwa vinu vya mchele na vyama vya wakulima vitaanza kuweka hesabu za mizigo yao kwa kompyuta, akaelewa kwamba hilo ndilo lori la siku zinazokuja. Hakukosea hapo. Shida ni kwamba aliliendesha kama lori.

Kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe alichofuma bibi yake, kama vile watu wetu hufunika redio na viti vya sebuleni. Saa ya chakula cha mchana ilizimwa ipumzike. Asubuhi iliwashwa na kuachwa ingurume tu, ishike moto. Na pale mbele ya sanduku lake kulikuwa na kitufe kimeandikwa Turbo, na kitaa cha kijani juu yake. Hicho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mzee alifika saa nne, akavua kofia, akaweka mgongo wa mkono wake ubavuni mwa sanduku kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Akiridhika alisema, "Imeshika. Tia gia," kisha akakibonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba, na jioni akakirudisha kilivyokuwa. Injini baridi haikanyagwi mafuta. Huo ndio ulikuwa ukristo wake wa pili.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na mdogo, nilifanywa taniboi. Ndivyo alivyoniita, kama wale vijana wanaorukia nyuma ya lori na kuweka mawe chini ya magurudumu. Taniboi alifungua ofisi, akafagia, akawasha mashine na kuilinda ikipata joto.

Sasa nieleze kupika. Programu tunaiandika kwa maneno yanayokaribia ya mtu. Mashine haiyaelewi mpaka yageuzwe yote, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, yawe lugha yake. Walimu wangu waliita kukompaili. Pale ofisini waliita kupika, na nafikiri walikuwa na neno bora. Unaweka, unangoja, namba za mistari zinapanda kwenye skrini, na ikiiva unaijaribu. Ikiwa umekosea mahali, haiivi. Inakuambia imeungua, unarekebisha, unapika tena yote. Kinu cha mchele kikisema tu kwamba sasa mpunga wenye maji upunguziwe uzani, basi unabadilisha mistari miwili na unapika sufuria nzima. Na karani wa kinu ameketi kwenye benchi pale nyuma yako, anakohoa.

Mama alikuwa na toleo la zamani la chombo cha kupikia. Mimi nilikuja na toleo jipya, lile lililokuwa kwenye furushi langu, nililopewa na mwalimu wa Karatina siku ya kuagana. Lake lilikuwa skrini nyeusi na maandishi meupe, na ukikosea linakutupia namba, ukatafute mwenyewe. Langu lilikuwa la buluu, na madirisha, na ukikosea linakupeleka hadi kwenye mstari wenyewe na kuuweka rangi nyekundu. Siku ya pili nilijaribu kumwonyesha. Nilidhani angefurahi.

"Madam, ona hapa. Ukikosea inakupeleka mahali umekosea."

"Mimi sikosei," alisema.

Wiki hiyo hiyo mzee alituita wote wawili na kusimama katikati yetu, mikono nyuma.

"Lori ni moja, dereva ni mmoja," alisema. "Mimi siwezi kulipa wawili kwa mashine moja, na mashine ya pili sina. Mama yuko na ile yake ya zamani. Kijana ameleta mpya, na mjomba wake alikuwa dereva wangu mzuri, sikuweza kukataa. Basi kila mtu apike ile kazi ya kinu cha mchele, ile ile, mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ile inaiva upesi, mwenyewe anabaki na kiti. Yule mwingine tunaombeana heri."

Programu ya kinu alikuwa ameiandika mama. Kila mstari. Na mzee alisema hayo mbele yake, mama akiwa ameketi kwenye kiti kile, mkono mmoja bado kwenye kibodi. Alikuwa na wasichana wawili wa shule ya msingi waliokaa na nyanya yao Kangema, na kila Jumamosi alikwenda kuwaona na mkate na sukari. Hayo sikuambiwa naye. Niliyajua kwa sababu mzee aliyataja hapo hapo, kama mtu anayesema lori lina mzigo kiasi gani.

Kuanzia siku hiyo hatukuwa watu wawili katika chumba kimoja. Tulikuwa paka wawili.

Alibandika utepe wa gundi juu ya meza, upande wake na upande wangu, na upande wangu ulitosha kiwiko kimoja. Sukari ikahamia kwenye droo yake yenye kufuli. Wateja wakiuliza kijana huyu ni nani, alijibu, "Ni wa kufagia." Nilipomsalimia asubuhi, "Habari ya asubuhi, madam?" alinipima kwa macho kutoka viatuni hadi kichwani.

"Umekuja kuniuliza habari ama umekuja kufagia?"

Nilitoka familia ya kusalimiana. Kwetu hata mbuzi wa jirani tunamsalimia. Siku chache nilizidi kumsalimia, kwa sauti ya uchangamfu zaidi kuliko inavyohitajika, na sasa nikikumbuka najua sikuwa nikimsalimia tena. Nilikuwa nikimchokoza.

Mpangilio wa majaribio ulijipanga wenyewe. Asubuhi na mapema hapakuwa na wateja, na nilikuwepo tayari nikilinda mashine, basi asubuhi ikawa yangu. Saa nne, mzee akishatia gia, ikawa ya mama, kwa kuwa dereva mkubwa hapewi zamu ya taniboi. Hakuna aliyeona ubaya hapo. Mimi sikuona. Mashine nilizojifunzia Karatina hazikuwa na kitufe kama kile, na mzee alikuwa amekieleza kwa namna ya malori mpaka nikakiona ni kitu cha heshima tu, kama kengele ya kanisani.

Matokeo yalikuwa ya aibu. Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Nyeri inaamka ndani ya wingu na manyunyu hayaamui kama ni mvua. Nilivaa sweta mbili. Niliweka kazi ya kinu kwenye toleo langu jipya zuri la buluu, nikabonyeza, na namba zikaanza kupanda kama mzee mwenye magoti mabovu. Niliweza kwenda posta, kununua stempu, kusimama nikizungumza na mtu wa Kerugoya niliyemfahamu, kurudi, na kukuta namba hazijafika nusu. Yake, akishaianza saa nne, ilikuwa inaiva chai yake ikiwa bado inatoa moshi.

"Imeiva?" aliniuliza kila akiingia, akivua kitambaa cha kichwa.

"Bado, madam."

"Ongeza kuni."

Karani wa kinu, mtu wa Mwea kama mimi, ambaye nilitegemea angenitetea kwa undugu wa matope, alicheka kuliko wote. "Haki ya nani, kijana wetu," alisema, "hata ng'ombe angekuwa amezaa na ndama amesimama."

"Na amenyonya," mama aliongeza.

"Na ameuzwa."

Mzee hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, akatazama skrini, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeuziwa gari bovu na rafiki. Hiyo iliniuma zaidi.

Nilianza kumchukia yule mama. Naandika hivyo kwa sababu sina neno lingine. Nilikuwa sijawahi kumchukia mtu, nilidhani ni kitu cha watu wakubwa, na ilinishangaza jinsi kinavyokuja kirahisi na jinsi kinavyokaa tumboni pamoja na chakula. Nikawa naomba stima ipotee katikati ya upishi wake. Siku moja ikapotea kweli, skrini ikafa, kazi yake yote ya zamu ikaenda, na nilicheka kwa sauti pale kwenye stuli yangu. Alinyanyuka polepole, akamwaga machicha ya chai sakafuni, mahali nilipokuwa nimetoka kufagia.

"Basi fagia," alisema.

Nikafagia. Nikiwa nimeinama nilijaribu kuwafikiria wale wasichana wa Kangema, kwa sababu mimi moyo wangu ni mwepesi na kwa kawaida hilo lingenimaliza. Siku hiyo halikunimaliza. Nilijiambia watoto wake watakula tu, mimi pia nina mama.

Halafu, katikati ya wiki ya pili, mzee alikuja mapema. Alikuwa na mkutano wa matanga ya jirani, akataka kupitia ofisini kwanza. Namba zangu zilikuwa zinapanda kwa ule mwendo wa magoti. Mama alikuwa amekwisha kufika, ameketi kwenye benchi la wateja na kikombe chake. Mzee alivua kofia, akaweka mgongo wa mkono ubavuni mwa sanduku.

"Leo imeshika mapema," alisema. "Tia gia."

Akabonyeza.

Namba zikakimbia. Sijui niseme vipi. Zilikuwa zikitembea moja moja, na ghafla zikaanza kuruka makumi kwa makumi, kama lori lililofika juu ya mlima na kuanza kuteremka. Kitaa cha kijani kilikuwa kimewaka. Hakuna kingine kilichobadilika katika chumba kile. Mzee alikuwa tayari ameelekea mlangoni na kofia yake, hakuona kitu. Mimi niligeuka nikamtazama mama.

Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua nini?"

"Hiyo kitufe. Asubuhi mashine inatembea pole. Wewe unapika ikiwa na mbio, mimi napika ikiwa imefungwa miguu. Ulijua."

Aliinua kichwa. Hakuwa na aibu usoni hata kidogo.

"Nimekaa na hii mashine kabla wewe utoke shule," alisema. "Kuna kitu yake sijui?"

"Na ukanyamaza."

"Uliniuliza? Wewe kijana, ulikuja hapa kuchukua kiti yangu. Ati sasa ulitaka nikufundishe vile utaichukua?"

Mpaka leo nikilitafuta jibu silipati, na hilo linanikasirisha upya.

Nilimkimbilia mzee ngazini. Nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba mashindano hayakuwa sawa, kwamba toleo langu lilikuwa limejaribiwa na mashine iliyolala na la mama na mashine iliyoamka, kwamba tujaribu yote mawili asubuhi kitufe kikiwa kimebonyezwa.

"Asubuhi?" alisema. "Na hii baridi? Ukikanyaga injini baridi unaua ringi za pistoni."

"Mzee, hii haina ringi."

"Kila kitu inanguruma iko na ringi."

"Basi tujaribu zote mbili saa nne, ikiwa imeshika."

"Saa nne kuna wateja. Nisimamishe kazi ya watu nikupimie mwendo?"

"Mzee, hii si gari."

Hapo nilimpoteza. Nililiona neno likimwingia. Mtu aliyetoka kwenye malori mazima mpaka sanduku moja chini ya kitambaa, na kijana wa sweta mbili anamwambia si gari. Akavaa kofia.

"Nimeona vya kutosha," alisema. "Jumatatu ulete funguo."

Nilishuka naye hadi barabarani nikiongea na mgongo wake. Kisha niliingia hoteli ya pale chini, ambapo karani wa kinu alikuwa anakula mandazi, nikamwambia kwa sauti kwamba nimeibiwa. Nilisema mama yule ameniibia kiti kwa hila. Walikuwepo madereva, walikuwepo wenye maduka, alikuwepo mwenye duka la dawa za mifugo. Sikunong'ona na sijutii. Kufikia Ijumaa hata yule wa kupiga viatu rangi pale kwenye ngazi alimwuliza mama, akimtania, "Madam, ni kweli ulimfunga kijana wa watu miguu?" Nilimsikia akiulizwa. Alipita tu, na tulipokuwa ndani hakunitukana siku nzima, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi ya matusi.

Jumatatu nilipeleka funguo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, huoni jengo la ng'ambo. Nilipopanda ngazi niliwakuta wote watatu mlangoni, mzee, mama, na karani wa kinu aliyekuja kuchukua kazi yake. Mama alikuwa amejifunga leso mbili na pua yake imekuwa nyekundu. Ni yeye aliyemwita mzee mapema, nilielewa baadaye. Alimwambia kuna jambo la mashine.

"Fungua," aliniambia.

Nikafungua. Aliingia mbele ya mzee, akavuta kitambaa cheupe na kukitupa kwenye benchi, akawasha. Mashine ikaanza kunguruma na baridi yake. Hakuingoja. Alinyoosha kidole.

"Mama, wacha," mzee alisema.

"Mzee, ikikufa nifute kazi."

"Ikikufa nawafuta wote."

"Sawa."

Akabonyeza. Kitaa cha kijani kikawaka asubuhi, kitu ambacho labda hakikuwahi kutokea tangu mashine ile ipande ngazi zile. Mzee aliruka akaweka mkono wake ubavuni mwa sanduku na kuuacha hapo, na hakuutoa mpaka mwisho, kama mtu aliyeshika ng'ombe anayezaa.

Mama alikuwa amesimama. Alinigeukia mimi, na uso wake ulikuwa mkavu.

"Mimi naanza, ikiwa na baridi yake yote," alisema. "Usitafute tena kitu ya kusema."

Akaweka toleo lake. Skrini nyeusi, namba nyeupe. Sote tulisimama tukitazama saa ya ukutani na skrini, saa na skrini. Ile mashine haikufa. Haikukohoa hata. Namba zilipanda sawasawa kama mtu anayejua njia ya kwao, na kazi ikaiva kabla birika la chai alilobandika karani kwenye jiko la stima halijaanza kuimba.

"Haya," alisema. "Kalia."

Ilikuwa mara ya kwanza kukikalia kiti kile. Kilikuwa kizuri kuliko nilivyodhani. Nikaweka toleo langu, madirisha yakafunguka buluu, nikabonyeza. Na namba zikakimbia. Naapa zilikimbia. Karani alisema, "Eh, leo ameamka," na mimi nilihisi damu ikinipanda masikioni kwa furaha, nikajiona tayari mwezi ujao, mwaka ujao, mimi na kiti hiki, nikiandikia vinu vyote vya Mwea programu zenye rangi.

Kisha taa nyingine, ile nyekundu ya diski, ikawaka na kubaki imewaka. Ndani ya sanduku kukaanza kukwaruza. Namba zikasimama. Zikaenda kidogo. Zikasimama tena. Toleo langu lilikuwa na madirisha mengi na mapambo mengi kuliko kumbukumbu ya mashine ile iliyozeeka, na kila yalipojaa ilibidi liweke mzigo chini kwenye diski, lichukue mwingine, liweke tena, kama mtu anayehama nyumba kwa kikapu kimoja. Hilo nililielewa pale pale kwenye kiti, kwa masikio yangu, na hakukuwa na kitufe cha kulaumu.

Birika liliimba. Hakuna aliyeliondoa.

Toleo langu lilipita wakati wa toleo la mama. Halikupita kwa ile aibu ya mwanzo, ya kwenda posta na kurudi. Lilipita kwa muda wa mtu kuvaa koti na kufunga viatu. Lakini lilipita, na kila mtu mle ndani aliona. Kazi yangu ilipoiva hakuna aliyesema imeiva.

"Basi," mzee alisema. Akauondoa mkono kwenye sanduku na kuutazama, kana kwamba alitarajia kuukuta umeungua. "Kijana, umeleta injini kubwa kwa lori ndogo."

"Ndiyo, mzee."

Niliinuka. Mama aliketi kabla kiti hakijaacha kuzunguka. Akachomoa disketi yangu na kuiweka upande wangu wa utepe, juu ya funguo.

"Chukua vitu zako," alisema. "Zote. Usiache kitu ndio upate sababu ya kurudi."

Karani alijaribu kunishika bega, nikamtoa mkono. Nilizifunga disketi kwa ule mpira wa tyubu, nikachukua begi langu. Nilifika mlangoni. Ningeweza kwenda tu. Lakini kulikuwa na kitu kilichonikwama.

"Madam," nilisema. "Ungenyamaza tu, kiti ilikuwa yako. Leo nilikuwa naleta funguo. Kwa nini ulibonyeza?"

Alikuwa ameanza kuandika tayari. Hakugeuka.

"Ulizunguka mji yote ukisema nilikuibia," alisema. "Sasa zunguka tena useme nilikushinda."

"Nitasema."

"Sema. Na ufunge mlango, kuna baridi."

Nikaufunga, kwa nguvu. Mwenye duka la dawa za mifugo aliinua kichwa nilipotokea chini, akaniuliza imekuwaje. Nilitamani sana kusema mambo ya kumbukumbu ndogo, mashine ya kizamani, mzee wa malori. Yote yalikuwa kweli.

"Amenishinda," nilimwambia.

"Kwa hila?"

"Hapana. Amenishinda tu."

Nilisema hivyo pia kwa yule wa viatu, na kwa watu wa hoteli, kila mmoja mahali pake, nikiwa na begi mkononi na manyunyu yakiniingia shingoni, na kila nilipolisema nilimchukia zaidi. Sikumsamehe, naye hakuniomba.